Baba Mkwe Wangu Tagalik

Baba mkwe wangu ningeweza kumzaa mimi. Ana kipini puani, amesomea sanaa Ottawa, hawezi kula jicho la samaki bila kufumba ya kwake, na ni mwanamke. Nayasema haya mapema kwa sababu wageni wanaoshuka kijijini kwetu, huku kwa Wainuk wa kaskazini kwenye barafu, kununua michoro yake humkuta mume wangu Aipili, mtu wa mvi na wajukuu, akimwita binti huyo "Baba", basi huanza kutupiana macho wakidhani mzee akili zimemruka. Hazijamruka. Baba yake Aipili aliitwa Tagalik. Alizama baharini barafu ilipovunjika, na kabla mwaka haujageuka jirani yetu akajifungua mtoto wa kike, akampa jina hilo. Kwetu jina likija, mtu kaja nalo. Mtoto hajaota jino, na Aipili alishapata baba tena.

Mimi mwenyewe nilimbeba mgongoni ndani ya koti langu, nikambadilisha nepi, na muda wote huo nikampa heshima zake za ukwe. Nepi ya baba mkwe, nawaambieni, inanuka kama nepi yoyote. Aliyefurahi kuliko sote alikuwa mjane, mama mkwe wangu Ruuta. Alimpakata mtoto yule kutwa kucha, anamtafunia nyama kwanza ndipo amlishe, na anamwita "mume wangu" mbele za watu bila haya. "Mume wangu kanikojolea," anasema, nasi tunacheka mpaka mbavu zinauma.

Kisha mama wa mtoto akapata kazi Ottawa. Ndege ikaja, wakapanda, ikaondoka. Mtoto alikuwa anaanza kutamka maneno marefu. Miaka ikapita mingi, tukawa tunasikia habari zake juu juu, mpaka majira ya kuchipua ya mwaka juzi alipotelemka tena kwenye uwanja wetu wa ndege, mwanamke mzima, na masanduku ya vifaa mengi kuliko ya nguo. Aipili alimpokea pale pale mlangoni pa ndege.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," akasema Tagalik. Halafu akaongeza, "Mwanangu, mbona umezeeka hivyo?" Watu wote uwanjani wakaangua kicheko, na mimi nikajua huyu hajapotea moja kwa moja.

Ukimuuliza kazi yake hasa ni ipi, utachoka wewe kabla yake. Anachora. Anachonga jiwe. Anashona ngozi, na mshono wake ni safi, sitaki kumwonea. Anapiga picha za video. Anakwenda ufukweni na kinasa sauti, anakilaza juu ya barafu, anakaa kando yake kama anayeuguza mgonjwa. Siku moja alituomba tutembee juu ya theluji mbele ya duka la ushirika, mmoja mmoja, anase sauti za nyayo. Jioni akatukusanya ukumbini akatusikilizisha bila kutuambia nani ni nani, nasi tukawa tunataja: huyo mchungaji, huyo Aipili, huyo Miali, si mnasikia anavyoburuza mguu? Miali ni mimi. Siburuzi mguu. Lakini nilikwenda nyumbani nikijiuliza imekuwaje watu wanijue kwa kitu ambacho mimi mwenyewe sikijui, na nadhani hicho ndicho alichotaka.

"Mkwe wangu," aliniambia siku hiyo, "kule Ottawa kila mtu alikuwa ananiuliza natoka wapi. Hapa kila mtu ananiuliza jina langu ni la nani. Nataka kujua kama hayo ni maswali mawili au ni moja."

"Ukishajua utafanya nini?"

"Nitalala."

Mwaka jana akaanza kazi kubwa. Alishona ramani ya pwani yetu yote kwa ngozi za sili, yule mnyama wa baharini tunayemla, nyeupe kwa bahari, nyeusi kwa nchi kavu, upana wa kufunika ukuta wa ukumbi. Chini ya kila ghuba alishonea spika ndogo ya kufichika kama kifungo. Ukibonyeza, unasikia mzee fulani wa kijijini akilitaja jina la pale na kisa chake kidogo: hapa walikula mbwa mwaka wa njaa, hapa fulani alimtorosha mke wa fulani. Jumba moja kubwa la sanaa la kusini lilikuwa linaisubiri ngozi hiyo kabla ya kiangazi kwisha. Ghuba zote zilikuwa na sauti, isipokuwa moja.

Ghuba ile ndiko Ruuta na mumewe walikopiga hema kila majira ya kuchipua, na ndiko mzee alikofia. Toka siku hiyo Ruuta hakuitaja tena, wala hakuna aliyekwenda kupiga hema pale. Tagalik alimbana Aipili, kwani Aipili alikulia kule na anajua kila jiwe.

"Mwenye mahali pale yupo hai," Aipili akamjibu. "Mimi nitaitajaje? Muulize mkeo."

Hapo ndipo ilipokuwa shida yenyewe, maana ngozi ilikuwa kisingizio tu. Sisi sote tulimwita Tagalik kwa cheo chake. Aipili alimwita baba, mimi baba mkwe, wanangu babu, na kajukuu ka mwisho kanamvuta kipini kakimwita babu vilevile. Ruuta peke yake hakumwita. Tangu binti arudi, bibi yule, ambaye zamani alijivunia kukojolewa, alikuwa anasema "wewe", au akinong'ona nami jikoni, "huyo". Tagalik alikuwa mdogo mno alipoondoka, hakumbuki kuitwa mume na mtu. Mimi nakumbuka, na ilinikera kama kibanzi kwenye jino. Kwa nini neno alilolitoa mwenyewe alirudishe mfukoni?

"Jina hili lilikuwa la mumewe," Tagalik aliniambia tukikwangua ngozi pamoja. "Kama yeye hanipokei, nyinyi wengine mnanifanyia adabu tu. Mimi nitakuwa mtu wa Ottawa mwenye jina la kuazima."

"Basi anza wewe. Mwite mke wangu."

"Nianzeje, mkwe? Yeye ndiye mkubwa. Mwenye jina huitwa, hajiiti." Na katika hilo alikuwa sawa, ingawa kuwa sawa kwa namna hiyo kumewaacha watu wengi wakioza peke yao majumbani.

Akaamua kupita kwa mlango wa kazi. Akaja nyumbani kwetu, maana Ruuta anakaa na sisi, akaweka kinasa sauti mezani karibu na birika, akaketi vizuri na kusema kwa heshima zote za shule, "Bibi, kule mlikokuwa mkipiga hema panaitwaje?"

Bibi! Nilitaka kumfinya. Ruuta alikunja pua. Kwetu kukunja pua ni hapana, na kuinua nyusi ni ndiyo, na mtu anaweza kumaliza baraza zima asifungue mdomo. Tagalik akauliza lingine. Pua. Akauliza kama mzee alikuwa mwimbaji. Nyusi. Kama walikuwa na mbwa wengi. Nyusi. Kama angependa kusema lolote. Pua, na ilikunjwa mpaka macho yakapotea.

Alirudi siku nyingine na nyingine. Mwishowe akanivalisha visikizio nisikilize alichopata.

"Sisikii kitu," nikasema. "Birika tu."

"Endelea."

"Sasa birika limenyamaza."

"Hapo ndipo alipokunja pua," akasema, akaanza kucheka, kisha kicheko kikamkatikia njiani akajifuta macho kwa mkono wa shati.

Iliniuma. Nami ni mtu ambaye kitu kikiniuma, mdomo hauwezi kukaa. Kesho yake niliketi karibu na Ruuta akiwa analainisha soli ya kiatu kwa meno yake machache, nikamwuliza wazi: "Mama, kwa nini humwiti mumeo?"

Akaendelea kutafuna. Nikangoja. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wa Ruuta niliujua, nilijiweka tayari.

"Mume gani?" akasema hatimaye. "Yule aliyekwenda barafuni nimemkataza, tena tumekosana, hata kuaga hakuaga? Haya, nikalia, nikanyamaza. Akarudi mdogo, nikamlea kwa mate yangu. Akapanda ndege. Aliniaga? Hakuniaga."

"Mama, alikuwa mtoto. Alibebwa."

"Hata barafu nayo ilimbeba. Kila siku anabebwa yeye!" Akakitupa kiatu chini. "Na sasa kaja na mashine ananiuliza tulikuwa tunakaa wapi. Wewe, Aipili angekuuliza mnakaa wapi, ungemjibu? Ungemtwanga sufuria! Mume anaingia mikono mitupu, hajaleta hata utumbo wa sili, anakaa kama polisi: mlikuwa wapi, mlikuwa na nani. Na kuniita bibi! Mimi bibi yake?"

Basi ndiyo hivyo. Nilikuwa nimefikiri bibi amesahau, au hamtaki msichana wa mjini. Kumbe alikuwa amenuna. Mke alikuwa amemnunia mumewe tangu kabla sijapata mvi ya kwanza, ananuna juu ya kununa, na sisi wote nyumbani tunapita tunaambiana mama anasumbuliwa na magoti. Nilicheka peke yangu chooni, na nilipomaliza kucheka nikamhurumia mpaka nikashindwa kutoka.

Nilimpelekea Tagalik habari nzima bila kupunguza sufuria. Mkono mtupu haulambwi, nikamwambia. Hakucheka. Alikaa akiutazama ule upande wa ngozi usio na sauti, kisha akavaa koti akaenda kumtafuta Aipili, aliyekuwa nje anatia mafuta pikipiki ya theluji.

"Mwanangu, nipeleke barafuni."

"Baba, wewe hata kamba ya sleji huwezi kuifunga."

"Nifundishe."

"Mwezi wa tano huu. Nyufa zimefunguka. Na wewe ukimwona sili utataka kwanza umchore."

"Nikimchora baada ya kumpiga, kuna ubaya?"

Aipili akainua nyusi, akazishusha, akazikuna. Mtoto wa Kiinuk hamkatalii baba yake waziwazi. Asubuhi wakaondoka, yeye mbele, baba yake nyuma juu ya sleji inayoburuzwa na pikipiki, ameshikilia mti wake kwa mikono miwili kama anayeshikilia uhai.

Nilimficha Ruuta. Sikuweza kumficha kwa muda mrefu. Aliangalia msumari ambapo bunduki ya pili ya Aipili huning'inia, akauona mtupu, akauliza, "Kaenda na nani?"

"Na baba yake," nikasema. Lilinitoka.

Sijapata kuona mtu wa umri ule akiinuka vile. Alikwenda dirishani. Akarudi. Akakwenda tena, akaweka kiganja kwenye kioo kusikia upepo. Nikamtilia chai, ikapoa. Nikampa mkate wa kukaanga, akaushika tu. Wanaume wengine waliokwenda ukingo wa barafu walipoanza kurudi, na hao wawili hawamo, aliniomba viatu vyake. Nikamwambia apumzike, Aipili anaijua bahari. Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga.

"Baba yake pia alikuwa anaijua," akasema.

Tukatoka. Nilimshika mkono mpaka ufukweni, tukasimama kwenye upepo, na nilimwona mama mkwe wangu kuwa ni mtu ambaye ameshawahi kusimama hivyo. Niliogopa. Aipili ni mume wangu, msisahau, na mimi pia nilikuwa na mtu wangu kule nje. Sikuwa na neno la mzaha hata moja.

Tulisikia mashine kabla ya kuiona. Walikuja kwa upande ambao hatukuutarajia, kwani ufa ulikuwa umewazuia, wakazunguka mbali. Sleji ilikuwa tupu. Tagalik akashuka anachechemea, mguu mmoja wa suruali umelowa mpaka pajani na kuganda kama mbao.

"Alikanyaga pabaya," Aipili akasema upesi. "Mguu mmoja tu. Nilimshika."

Ruuta akauachia mkono wangu, akaenda mwenyewe mpaka mbele ya binti yule, kichwa kinafika kifuani kwake, akaanza.

"Nilikwambia! Upepo unatoka nchi kavu, nilikwambia, nikasimama mlangoni mwa hema nikakwambia, ukaniinulia nyusi ukaenda! Nyusi! Mtu anakufa kwa nyusi! Nimekaa juu ya Jiwe la Kunguru nakutazama mpaka macho yakaota barafu. Nikapanda Begani, sikukuona. Nikashuka Penye Mayai, nikapita Mto Unaocheka, nikaita, mto ukanicheka! Wajukuu wanalia njaa na mimi naita! Unaisikia njaa ya watoto wewe? Husikii. Masikio unayo ya nini, ya kuning'inizia barafu?"

Watu walikuwa wamesimama pembeni na vyombo vyao, hakuna aliyetikisika. Yale yalikuwa majina ya ghuba ile. Yote aliyoyafungia miaka hiyo, yakimtoka moja baada ya jingine katikati ya matusi. Tagalik naye aliyatambua. Niliuona mkono wake ukiingia kwenye mfuko wa koti ambamo kinasa sauti kilikuwemo. Ukakaa humo kidogo. Kisha ukatoka mtupu, akauweka pembeni mwake, akasimama akagombezwa kama inavyotakiwa.

"Nyamaza tu, Baba," Aipili akamnong'oneza.

"Nimenyamaza," akasema Tagalik. Halafu akamwambia Ruuta, "Sina sili. Nilimwona, nikakosa."

"Naona huna sili! Sina macho? Na hata ulipokuwa na ndevu ulikuwa unakosa!"

Hapo mtu mmoja nyuma akapasuka kwa kicheko, akajifanya anakohoa. Ruuta hakumjali. Alimshika binti kiwiko, akamburuta nyumbani, yeye anayeshikwa mkono kwenda chooni.

Ndani alimkalisha sakafuni, akamvua kiatu, akamvua soksi, akaukumbatia mguu ule mweupe kwa baridi ndani ya koti lake, kwenye tumbo lake mwenyewe, kama inavyofanywa. Jirani alikuwa ametuletea sili asubuhi. Nikatandaza kadibodi, nikaweka nyama na mafuta na ini bado lina damu, Aipili akachukua kisu chake, tukala. Nilidhani yamekwisha. Nilifurahi kwamba majina yametoka, na nilisikitika kwamba lile neno lenyewe halikutoka. Niliona Tagalik naye anafikiri hivyo hivyo, maana alikuwa hali, anakigeuzageuza kipande chake tu.

Ruuta alikuwa anausugua mguu. Akasema bila kuinua uso, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Nikuulize kitu."

"Uliza."

"Upepo ulifuta nyayo zote. Walikuta tundu tu. Nimewauliza waliokwenda kutafuta, kila mmoja, hakuna anayejua sleji ilikuwa imeelekea wapi. Hata mchungaji nilimwuliza, akaniambia habari za mbinguni." Akaubana mguu zaidi. "Sikuwa na mwingine wa kumwuliza ila wewe, na wewe ukapanda ndege. Siku ile. Ulikuwa bado unaenda zako, au ulikuwa unarudi?"

Aipili aliweka kisu chini. Tagalik aliyetuuliza maswali kijiji kizima, ambaye hata barafu aliiuliza, sasa ameulizwa yeye. Mimi ningejibu upesi, ningesema lolote la kumfurahisha bibi, na lingesikika kuwa ni lolote. Tagalik aliinama mbele kwanza. Aliutazama mguu wake ndani ya koti la yule mwanamke.

"Nilikuwa narudi," akasema.

Ruuta akaendelea kusugua. Hakulia, kulia tulilia mimi na Aipili. Baadaye akanyoosha mkono, akachagua kipande cha ini kilicho laini, akamwekea mbele yake.

"Umechelewa sana, mume wangu," akasema. "Kula."